Ukifika Arobaini, Usianze na Kontena

Kila mwezi wa nne na wa kumi, Maonyesho ya Canton yanapofunguliwa kule Pazhou, simu zetu sisi wanafunzi wa Afrika Mashariki hazipumziki. Maonyesho haya yapo tangu 1957 na hufanyika mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo msimu wa simu tumeshauzoea. Anapiga mjomba, anapiga shangazi, anapiga mwalimu aliyekufundisha sekondari na hujui namba yako kaipata wapi. Baada ya salamu swali ni moja: "Mwanangu, nina vihela kidogo hapa, nilete nini?"

Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba wengi wao si vijana. Ni watu wa miaka 42, 47, 51. Wapo wanaokaribia kustaafu na wanakihesabia kiinua mgongo kabla hakijatoka. Wapo waliochoshwa na mshahara unaokwisha tarehe kumi. Na tangu 2025 limeongezeka kundi jingine: waliokuwa wameajiriwa kwenye miradi ya afya na kilimo iliyofadhiliwa na Marekani. Misaada ilisimamishwa Januari 2025, na kufikia Julai 1 ya mwaka huo USAID yenyewe ikawa imefungwa. Kuanzia Kisumu hadi Kampala hadi Mwanza, watu wazima wenye vyeti na uzoefu walijikuta nyumbani, ada za watoto zikiwasubiri, na mfukoni kuna malipo ya mwisho tu. Ndio hao wanaotuuliza walete nini.

Mimi nasomea uhandisi, si mchumi wala si mfanyabiashara. Nina miaka 30. Lakini nimekaa hapa miaka ya kutosha kuona mizigo mingi ikifungwa na kuzisikia hadithi za mizigo hiyo ilipofika nyumbani. Maoni yangu nayasema waziwazi: kuanza biashara katika umri wa kati ni jambo jema na linawezekana, ila kuanza kwa kuagiza kontena ni njia mbaya kuliko zote. Na sisi tulioko huku tuna wajibu wa kulisema hilo, hata kama aliyetupigia hatapenda kulisikia.

Kwanza tuelewane kuhusu hiki kinachoitwa uhuru wa kifedha, maana siku hizi kila semina ya ujasiriamali inakihubiri. Watu wengi wanadhani ni kutokuwa na bosi. Jamani, muulizeni mwenye fremu Kariakoo kama hana bosi. Mwenye nyumba ni bosi wake, na kodi anaitaka ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Aliyemkopesha ni bosi. Wakala wa forodha ni bosi. Ofisa wa mapato ni bosi. Mteja aliyechukua mali kauli na sasa hapokei simu, naye kwa namna yake ni bosi, tena mkali. Kwa mtazamo wangu, uhuru wa kifedha kwa mtu wa miaka 45 ni kitu kidogo kuliko hapo, lakini cha maana zaidi: kwamba mwezi ukianza, chakula, ada na matibabu vina mahali pa kutoka, na jambo moja likiharibika nyumba haiyumbi. Basi biashara yoyote inayoichukua akiba yote na kuiweka ndani ya sanduku moja la bati juu ya maji inampeleka mtu huyo mbali na uhuru.

Sasa, wapo wanaosema tatizo ni umri, eti ukifika arobaini umechelewa, biashara ni ya vijana. Hilo nalikataa. Pierre Azoulay na wenzake walichapisha mwaka 2020 utafiti uliochunguza mamilioni ya waanzilishi wa kampuni nchini Marekani, wakakuta wastani wa umri wa kuanzisha kampuni ni karibu miaka 42, na kwa kampuni zilizokua kwa kasi kuliko zote ni miaka 45. Marekani si Bongo wala si Nairobi, nakubali. Lakini utafiti huohuo una jambo ambalo naona linavuka bahari bila taabu: waliofanikiwa zaidi ni wale waliokuwa wamefanya kazi kwanza katika fani ileile waliyoingilia kibiashara. Mtu mzima halipwi kwa mvi zake. Analipwa kwa kile anachokijua na kwa watu wanaomjua.

Mfano wa jirani upo hapahapa Guangdong. Ren Zhengfei alikuwa mhandisi wa jeshi, akatoka jeshini, na mwaka 1987 akiwa ameshavuka arobaini akaanzisha Huawei kule Shenzhen kwa mtaji wa yuan 21,000 aliochanga na wenzake. Hakuanza na kiwanda. Alianza kama wakala, akiuza mitambo ya simu ya kampuni ya Hong Kong, akawajua wateja na matatizo yao, ndipo baadaye kampuni ikaunda mitambo yake yenyewe. Sisi tunaiona Huawei ya leo na majengo yake, tunausahau ule mwanzo wa kuuza mali ya mtu mwingine kwa mtaji ambao hata kwa wakati ule haukuwa wa kutisha.

Nyumbani yupo marehemu Reginald Mengi. Alikuwa mhasibu, tena wa ngazi ya juu, katika kampuni ya Coopers & Lybrand. Katika miaka ya 1980, nchi ikiwa haina bidhaa madukani, alianza kuunganisha peni nyumbani kwake huku bado ameajiriwa. Kazi aliiacha mwaka 1989, biashara ikiwa imeshasimama, naye akiwa mtu wa arobaini na kitu. Peni! Hakuanza na televisheni wala na maji ya chupa. Na mshahara uliendelea kulipia nyumba wakati peni zikijitafutia wateja.

Tuje kwenye kontena lenyewe, maana hapa ndipo watu wanapoumia. Tuchukue mzigo ambao thamani yake, pamoja na nauli ya meli na bima, ni dola 10,000. Bidhaa nyingi zilizokamilika zinazoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Hizo ni dola 2,500. Kisha inakuja VAT, nayo haitozwi kwenye ile 10,000 bali kwenye 12,500. Tanzania na Uganda ni asilimia 18, yaani dola 2,250. Kenya ni asilimia 16, yaani dola 2,000. Kwa hiyo kabla ya tozo nyingine ndogondogo, kabla ya gharama za bandari, kabla ya kumlipa wakala na lori, mzigo wa 10,000 umeshakuwa wa 14,500 au 14,750. Na zipo bidhaa ambazo tangu Julai 2022 zimewekwa kwenye ushuru wa asilimia 35. Kwa hizo, Tanzania utahesabu 3,500 za ushuru na 2,430 za VAT, jumla unakaribia 16,000. Mwenye kusajiliwa kwa VAT atairudisha atakapouza, sawa, lakini kwanza lazima itoke mfukoni mwake.

Halafu kuna muda. Kiwanda kinataka kianzio, mara nyingi asilimia 30, na zilizobaki kabla mzigo haujapakiwa. Kutengeneza ni wiki kadhaa. Meli kutoka Nansha hadi Dar au Mombasa ni mwezi au zaidi. Bandarini kuna siku zake. Pesa yako imelala miezi mitatu, minne, na bado hujauza hata kimoja. Ukifika sokoni, wenye maduka wanakwambia lete mali kauli, tutalipa tukiuza. Ukitaka duka lako mwenyewe, kuna kodi na kilemba. Na siku unapofungua, jirani yako wa kulia na wa kushoto wanauza kitu kilekile, kwa sababu na wao waliuliza "nilete nini" wakapewa jibu lilelile.

Mtu ataniambia: mbona wapo waliotoka kimaisha kwa kontena? Wapo, tena wengi, na nawaheshimu. Ukipita Xiaobei asubuhi, karibu na jengo la Tianxiu, utawakuta akina mama wa Kariakoo, wa Eastleigh na wa Kikuubo wakisaka mzigo. Lakini wasikilize wanavyonunua. Hawaulizi walete nini. Wanajua nguo hii inakwenda kwa fulani wa Mbeya, rangi hii haitembei, saizi hii iliisha ndani ya siku nne. Wana miaka kumi na tano sokoni. Kontena kwao ni hatua ya mwisho ya kazi waliyokwisha kuifanya, wakati kwa anayenipigia simu kontena ndiyo hatua ya kwanza. Vinafanana kwa macho tu.

Na hata hao wazoefu wanahema. Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, wakafunga tena Juni 2024, malalamiko yakiwa ya kodi na ukaguzi. Nairobi, Februari 2023, wafanyabiashara waliandamana kuipinga China Square, duka lililokuwa likiuza bidhaa za huku kwa bei ambazo wao hawakuziweza. Julai 2025 Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogondogo. Unaweza kuiunga mkono amri hiyo au kuipinga, lakini ujumbe wake ni mmoja: yule aliyekuwa anakuuzia huku sasa anataka kuuza mwenyewe kule. Faida ya mtu wa kati, ambaye kazi yake ni kuleta tu, inaminywa pande zote. Je, hapo ndipo tumpeleke mama wa miaka 47 na kiinua mgongo chake?

Naye yupo kweli huyo mama. Ni mama yangu mdogo, yuko Mwanza. Miaka 14 alikuwa kwenye mradi wa afya, akisimamia stoo na vifaa. Mradi ulipofungwa 2025 alitoka na shilingi milioni 38, akanipigia akitaka viatu vya watoto, kwa kuwa rafiki yake kamwambia vinatoka sana. Nikamwamkia, nikamsikiliza, kisha nikamuuliza: mama, nani hasa atavinunua? Akasema watu. Watu gani? Akanyamaza. Nikamuuliza kule kazini kilichokuwa kikiharibika mara kwa mara ni nini. Hapo akaongea saa nzima! Friji za chanjo ambazo hakuna fundi wa kuzitazama. Mizani zinazodanganya. Mashine za kuchemshia vyombo zilizokaa stoo kwa kukosa mpira wa shilingi elfu kadhaa. Zahanati za watu binafsi zinazolipa nauli ya fundi kutoka Dar es Salaam. Majina ya wamiliki anayajua, namba zao anazo, na taratibu za TMDA kuhusu vifaa tiba anazijua kuliko mimi mhandisi.

Nikamwambia, "Mama, biashara yako ni hiyo. Viatu waachie wenye viatu."

Hakufurahi. Alidhani namnyima. Lakini alikwenda kwenye zahanati 11 kuuliza kabla ya kutoa hata senti. Tano zikasema zitalipa kila baada ya miezi mitatu vifaa vyao vikikaguliwa na vipuri vikipatikana. Amempata kijana fundi wa huko huko. Mpaka sasa ametumia chini ya milioni tatu, na vipuri ananunua kwa mawakala wa Dar, kutoka Guangzhou hajaagiza hata bolti moja. Hajawa tajiri, na inawezekana hizo tano zikapungua. Lakini zikipungua, atakuwa amepoteza milioni tatu na mafuta ya gari, nyumba ipo na ada ipo. Kijana wa miaka 24 akipoteza mtaji wake wote, anarudi kwa wazazi na baada ya miaka mitano ameshasahau. Wa miaka 47 wazazi ndio wanaomtegemea, na watoto vilevile.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkipigiwa simu, nashauri tuwaambie mambo manne. La kwanza, mteja kabla ya mzigo: kama huwezi kuandika kwenye karatasi majina ya watu kumi watakaonunua, huna biashara bado. La pili, usiguse zaidi ya sehemu ndogo ya akiba katika mwaka wa kwanza, na nyumba ya familia isiwekwe rehani. La tatu, kama kazi bado unayo, ianze biashara ukiwa kazini, jioni na Jumamosi, na kwa uaminifu kwa mwajiri wako. La nne, daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wala hawakuwa wamesomea uhasibu.

Na kama ni lazima biashara ipite China, basi tuitazame na njia ya kurudi. Parachichi za Kenya zilianza kuletwa huku Agosti 2022, na Tanzania ikasaini makubaliano ya parachichi zake Novemba mwaka huohuo. Tangu Desemba 1, 2024 China imefuta ushuru kwa bidhaa za nchi zenye maendeleo madogo zaidi, zikiwamo Tanzania na Uganda. Bwana shamba wa miaka 50 anayewajua wakulima wa Njombe kwa majina ana kitu ambacho hakuna kiwanda cha Guangdong kinachoweza kukinakili. Masharti ya usafi na ubora ni magumu, si mchezo. Lakini ugumu huo ndio unaompa nafasi mtu mwenye ujuzi mbele ya mtu mwenye haraka.

Sasa niseme na sisi wenyewe. Baadhi yetu tunapeleka wageni sokoni, tunatafsiri, halafu mwenye duka anatupa chetu pembeni. Kila mtu anajua. Kuna upande wa sheria: tangu Julai 1, 2013, mwanafunzi mgeni anayefanya kazi nje ya kile alichoruhusiwa anahesabiwa kuwa anafanya kazi kinyume cha sheria, na faini yake ni yuan 5,000 hadi 20,000. Ikiwa kubwa zaidi kuna kuwekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Lakini hata tukiiweka sheria kando, lipo jambo zito zaidi. Shangazi anapokuuliza "huu mzigo ni mzuri?", na wewe una kamisheni kwa muuzaji, huyo shangazi hana mshauri tena. Ana wauzaji wawili, na mmoja wao anamwita shangazi. Hela hiyo ya kamisheni ni ndogo sana ukilinganisha na miaka 20 ya kazi yake iliyomo kwenye ule mzigo.

Tukumbuke pia kwamba kati ya mwisho wa Machi 2020 na Januari 8, 2023 milango ya nchi hii ilikuwa imefungwa au nusu wazi. Biashara zilizokuwa zinategemea mtu kuja mwenyewe kila miezi mitatu zilikauka. Zilizobaki ni zile ambazo mwenye nazo alikuwa na wateja nyumbani na aliwajua vizuri kiasi cha kuweza kubadili bidhaa, kubadili hata nchi anakonunua, bila kuwapoteza. Mteja ndiye mali. Kontena linakuja na kuondoka.

Kwetu sisi wa miaka 25 au 30, arobaini haiko mbali kama tunavyofikiri. Tutaajiriwa, wengine tutapunguzwa kazi, na siku moja na sisi tutashika kiinua mgongo mkononi tukitafuta wa kumpigia simu. Siku hiyo kitakachotufaa ni kazi tuliyoifanya vizuri miaka 15, watu waliotuamini katika kazi hiyo, na tatizo moja tunalolijua kuliko jirani yetu anavyolijua. Hivyo vinaanza kukusanywa sasa hivi, maabara na mazoezini viwandani, na havilipiwi ushuru bandarini.